Ganda la Shaba na Ganda la Chuma

Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilianza kupiga sarafu. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, fedha kutoka Berlin hazikufika tena, na askari pamoja na wapagazi walitaka ujira wao. Mafundi walichukua dhahabu ya machimbo ya Sekenke wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo mpaka leo wakusanyaji huigombania minadani. Sarafu ndogo za heller 5 na heller 20, zilizopita mikononi mwa watu wengi zaidi, zilipigwa kwa shaba iliyookotwa popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga yaliyokwisha kufyatuliwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora, na biashara hiyo ikaishia hapo.

Wapenzi wa bunduki hubishana hadi usiku kuhusu ganda la shaba na ganda la chuma, lipi halikwami, lipi halili mtutu, lipi ni la kiungwana. Mara chache hukumbuka kwamba ganda la shaba ni mali kabla halijawa silaha. Chuma hakikuingia ndani ya bunduki kwa sababu fundi yeyote alikipenda. Kiliingia kwa sababu vita vilimaliza shaba.

Tuanze na kazi ya ganda lenyewe. Risasi kamili ina kichwa kinachoruka, baruti, fataki ya kuiwasha baruti, na ganda linaloshika vyote hivyo pamoja. Baruti inapowaka, ganda hutanuka likajibana kwenye kuta za chemba, na hapo huzuia moto na moshi visirudi usoni kwa mpigaji. Kufumba na kufumbua linatakiwa linywee tena, ili kulabu ya bolti iling'ang'anie ukingoni na kulivuta nje. Likishindwa kazi ya kwanza, mpigaji anaungua. Likishindwa ya pili, bunduki imekwama na aliyeishika amebaki na rungu.

Kabla ya madini palikuwa na karatasi. Askari aliuma ncha ya karatasi kwa meno, akamimina baruti mtutuni na kushindilia. Ilikuwa karatasi ya namna hiyo, iliyodaiwa kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, iliyowakasirisha askari wa Kihindu na wa Kiislamu nchini India mwaka 1857 na kuchangia uasi mkubwa. Bunduki za kujaza kwa nyuma zilipoenea, karatasi haikutosha tena kuzuia moto. Mwaka 1866 Kanali Edward Boxer, wa maabara ya kijeshi ya Woolwich, alileta jibu la Waingereza: bati jembamba la shaba lililoviringishwa kama msokoto wa tumbaku, likashikizwa kwenye kitako cha chuma. Lilikuwa rahisi kutengeneza, na katika bunduki ya Snider lilifanya kazi. Jeshi lilipohamia kwenye Martini-Henry mwaka 1871, msokoto uleule ukahama nao.

Aibu yake ilionekana Sudan. Tarehe 17 Januari 1885, kwenye visima vya Abu Klea, kikosi cha Waingereza waliopanda ngamia, kiasi cha watu 1,400, kilikuwa njiani kwenda Khartoum kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa huko. Kilivamiwa na maelfu ya wafuasi wa Mahdi. Katikati ya mapigano Martini nyingi zilikwama. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali na mitutu ilikuwa inachoma mikono. Bati jembamba lilipopata joto lililainika na kugandamana na chemba. Mpigaji akivuta wenzo, kitako cha chuma kilitoka peke yake na msokoto ukabaki ndani. Bombomu ya Gardner waliyoitegemea nayo ilikwama. Wasudani walivunja safu ya mraba ya Waingereza na kuingia ndani, jambo ambalo majeshi ya Malkia Victoria hayakulizoea. Vita vilidumu dakika chache tu, na Waingereza walishinda, lakini waliorudi hai walikuwa na maneno makali juu ya risasi zao.

Wamarekani walikuwa wamepitia tanuri hilohilo miaka tisa kabla. Askari wa farasi wa George Custer walioangamia Little Bighorn mwezi Juni 1876 walikuwa na bunduki fupi za Springfield za mwaka 1873, zilizotumia maganda ya shaba nyekundu. Shaba nyekundu ni laini; ikitanuka haina haraka ya kurudi. Kwa karne nzima ilisimuliwa kwamba kikosi kile kilikufa kikichokonoa maganda kwa visu. Kisha moto wa nyika wa mwaka 1983 ukaunguza majani ya uwanja ule wa vita, na kuanzia mwaka uliofuata wataalamu wa mambo ya kale wakapita na vyombo vya kutambua madini, wakiokota ganda moja moja. Alama za kuchokonolewa zilionekana kwenye sehemu ndogo tu ya maganda. Custer alizidiwa na Walakota na Wacheyenne waliokuwa wengi zaidi na waliojua wanachofanya. Mimi huwashuku sana wanaotupia risasi lawama ya jemadari. Hata hivyo jeshi la Marekani lenyewe halikuona sababu ya kuendelea na shaba nyekundu, na baada ya muda liliiacha.

Walichokimbilia wote, Waingereza, Wamarekani, Wajerumani na wengine, ni shaba ya manjano: takriban asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Kisahani chake hupigwa kikawa kikombe, kikombe kikavutwa na kurefushwa mara kadhaa, na kati ya mvuto mmoja na mwingine hupitishwa motoni ili kilainike kisipasuke. Mwishoni unapata ganda la kipande kimoja, gumu kitakoni ambako kulabu huuma, laini shingoni ambako kichwa hushikwa. Kazi hii ilihitajika hasa baada ya mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi mzito. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu iliyozidi ya zamani kwa mbali, na hakuna msokoto wa bati ambao ungeistahimili.

Siri ya shaba ya manjano iko katika mnyumbuko wake. Ukiisukuma hutanuka upesi ikaziba chemba, na ukiiacha hurudi nyuma kwa kiasi kikubwa kuliko chuma cha ugumu wa aina moja, maana ukaidi wa chuma dhidi ya kukunjwa unakaribia mara mbili ya ule wa shaba. Tena haishiki kutu, na inateleza bila kupakwa kitu.

Lakini ina adui yake, na adui huyo aligunduliwa katika mazizi ya farasi. Nchini India maafisa wa Kiingereza waliona kwamba risasi zilizowekwa mazizini msimu wa mvua zilipasuka zenyewe, nyufa ndefu kwenye maganda, bila mtu kuzigusa. Mwaka 1921 watafiti wa Kiingereza walieleza sababu. Kule kuvutwa na kupigwa kiwandani huacha mkazo ndani ya shaba; mvuke wa amonia unaotoka kwenye mkojo wa farasi, pamoja na unyevu wa masika, huushambulia mkazo huo na kupasua ganda. Dawa ilikuwa kulipasha ganda moto mdogo mwisho wa kazi ili mkazo utulie.

Turudi kidogo Afrika Mashariki ya Kijerumani, safari hii Tanga, kwa sababu hapo uvumilivu wa shaba ulijaribiwa vilivyo. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipenya kizuizi cha Waingereza na kufukuzwa hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya mji. Nahodha aliizamisha majini kwa makusudi ili adui adhani imekwisha. Waingereza walipoondoka, wapiga mbizi walianza kutoa shehena: bunduki mpya za Mauser na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihitaji bunduki hizo mno, kwa kuwa askari wake wengi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, yenye kutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui alipo mpigaji. Basi risasi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, ganda likasafishwa, zikafungwa upya. Nyingi bado zilikataa kulia. Lakini maganda yaliweza kutumika tena baada ya kulala baharini, na kwa ganda la chuma la zama hizo, lenye rangi hafifu au lisilo na rangi kabisa, sidhani kazi hiyo ingewezekana.

Ulaya kwenyewe, Ujerumani iliyokosa shaba ya kuagiza kutoka nje ilinyang'anya masufuria ya majumbani, mabati ya mapaa na kengele za makanisa. Wahandisi wake wakaanza kujaribu maganda ya chuma, na Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja hawakuwa na anasa ya kuyaita majaribio. Mwanzoni walipaka ganda la chuma shaba nyembamba juu. Baadaye hata hiyo ikaonekana ni ubadhirifu, wakaanza kupaka vanishi ya kijivu iliyoelekea ukijani. Ukigeuza risasi ya Mauser ya miaka hiyo utaona kitakoni alama ya S na nyota kwa shaba, au St kwa chuma. Bunduki mpya ya StG 44, mama wa bunduki zote za kivita za leo, ilizaliwa karibu moja kwa moja ndani ya enzi ya chuma, na risasi zake fupi zilitengenezwa hivyo kwa mamilioni.

Marekani, iliyokuwa na migodi yake, nayo ilibanwa. Mwaka 1943 senti yake ilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki ili shaba iende vitani. Kiwanda cha magari cha Chrysler mjini Evansville, Indiana, kiliambiwa kitengeneze risasi za .45 kwa ajili ya bastola na bunduki za Thompson, tena kwa maganda ya chuma. Wahandisi wa magari, waliojua kukunja bati la chuma kuliko mtu yeyote, walihangaika mwanzoni, kisha wakatoa zaidi ya risasi bilioni 3 kabla vita haijaisha. Zilifanya kazi vizuri. Na hapa ndipo ulinganisho wa madini haya mawili unapoanza kuwa na maana, kwa kuwa risasi ya .45 ni fupi, imenyooka, na msukumo wa gesi ndani yake haufiki hata nusu ya ule wa risasi ndefu ya Garand, bunduki ya askari wa Kimarekani. Ganda la chuma linaweza kuwa zembe kidogo kunywea na bado likatoka. Kwa Garand, Wamarekani walibaki na shaba karibu moja kwa moja, na vita ilipokwisha walirudi kwenye shaba kwa kila kitu walichoweza. Senti nazo zilirudi kuwa za shaba mwaka 1944, sehemu yake ikitokana na maganda yaliyoyeyushwa.

Wasovieti walifanya kitu kingine, na kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha historia hii. Hawakuchukua chuma kama mke wa dharura. Walikaa wakatengeneza risasi inayokubali chuma, kisha wakatengeneza bunduki inayokubali risasi hiyo. Risasi ya 7.62 ya mwaka 1943 ina ganda lenye umbo la pia: kitakoni lina kipenyo cha milimita 11.35, na linapofika begani limepungua kwa zaidi ya milimita 1 katika mwendo mfupi. Ganda la namna hiyo likirudi nyuma unywele mmoja tu limekwisha achana na kuta za chemba. Ndiyo sababu magazini ya Kalashnikov, yaani AK, imepinda kama ndizi. Risasi zenye umbo la pia zikipangwa haziwezi kunyooka. Juu ya hapo, chemba ya AK hupakwa kromu, bolti yake ni nzito, na kulabu yake ni pana na ina nguvu. Bunduki hiyo iliyopokelewa rasmi mwaka 1949 haikusubiri ganda linywee kwa hiari yake, ililing'oa.

Wachina walifuata njia hiyo wakapaka chuma chao shaba nyembamba, na risasi zao zenye wekundu zilisafiri hadi kwetu. Wanajeshi wa Tanzania waliovuka Kagera na kumfukuza Idi Amin mwaka 1979 walibeba kwa wingi bunduki za asili hiyo ya Kichina na Kisovieti. Lakini si kila mwenye AK alitumia chuma. Yugoslavia na Ufini zilitengeneza risasi ileile kwa shaba, na Kalashnikov hailalamiki kwa shaba wala kwa chuma.

M16 ya Wamarekani ni habari nyingine. Ganda lake la 5.56 limenyooka karibu kama bomba: kutoka milimita 9.58 kitakoni hadi milimita 9 begani, pungufu ya nusu milimita na ushee tu. Limeundwa kwa shaba, kwa kuitegemea shaba inywee yenyewe. Na bado shaba haikuiokoa. Ilipopelekwa Vietnam kwa wingi katikati ya miaka ya 1960, baruti ilikuwa imebadilishwa ikawa yenye masizi zaidi na yenye kuharakisha mtambo, chemba hazikuwa na kromu, na askari waliambiwa kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana. Katika unyevu ule chemba zilishika kutu ndogo ndogo, maganda ya shaba yakang'ang'ania humo, na askari walikutwa wamekufa na fimbo ya kusukumia ganda ikiwa ndani ya mtutu. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord iliwalaumu wakubwa wa jeshi mwaka 1967. Chemba zikatiwa kromu, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na malalamiko yakapungua sana.

Ukilitia ganda la chuma katika bunduki ya ukoo huo, tatizo linageuka sura. Kwa kuwa chuma hakitanuki kwa haraka kama shaba, gesi na masizi hupenya pembeni na kuchafua chemba. Wengi husema ni vanishi inayoyeyuka kwa joto na kugandisha ganda. Hadithi hii imerudiwa mpaka imekuwa dini, ingawa masizi peke yake yanatosha kueleza. Mwaka 2013 kulichapishwa Marekani jaribio la bunduki nne za AR-15 za aina moja, moja ikilishwa risasi za shaba na tatu zikilishwa risasi za Kirusi za chuma, lengo likiwa risasi 10,000 kwa kila bunduki. Iliyokula shaba ilimaliza mtutu wake ukiwa bado unafaa. Mitutu ya zile nyingine ilikuwa imelika vibaya ilipofika kama risasi 6,000. Lakini mshitakiwa si ganda, maana ganda haliingii mtutuni. Ni koti la kichwa cha risasi hizo za bei nafuu, ambalo nalo lina chuma chini ya shaba nyembamba. Anayenunua chuma kwa bei ya chini anaweza kuweka akiba ya kutosha kununua mtutu mpya. Anayeokota maganda yake na kuyajaza tena hawezi kufanya hivyo kwa urahisi na chuma, na shaba ndiyo inayomlipa.

Kwa wasomaji wa Kenya, bunduki inayojulikana zaidi ni G3 ya Kijerumani, iliyobebwa na polisi kwa miaka mingi. Ukiokota ganda lililotoka ndani yake utaliona lina mistari myeusi ya urefu kuzunguka shingo na bega. Hiyo ni kazi ya mifereji iliyochongwa chembani. Mtambo wa G3 huanza kurudi nyuma wakati msukumo bado ni mkubwa. Gesi inayopita mifereji hiyo hulielesha ganda lisigande. Hapa mhandisi hakubadilisha madini, alibadilisha chemba. Kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichojengwa na Wabelgiji wa FN katika miaka ya 1990, hutengeneza kwa shaba kama ilivyo desturi ya nchi za Magharibi.

Na kuna bunduki moja iliyopindua ubishi wote. Ufaransa mwaka 1978 ilichagua FAMAS ya Saint-Étienne, bunduki fupi yenye magazini nyuma ya kifyatulio. Haina pistoni ya gesi. Bolti yake hucheleweshwa kwa wenzo tu, hivyo hufunguka upesi na kulivuta ganda kwa ukali kabla chemba haijapumua. Ganda la shaba la kawaida likivutwa hivyo linaweza kunyooka na kupasuka. Wafaransa waliliona hilo wakaitengenezea risasi ya 5.56 yenye ganda la chuma. Kwa FAMAS, basi, chuma ndicho kilichokuwa salama na shaba ndiyo iliyokuwa mashaka. Mpango huo ulifaa maadamu Ufaransa ilitengeneza risasi zake yenyewe. Ilipoacha kutengeneza risasi za bunduki ndogo nyumbani na kuanza kununua nje, ilijikuta katika soko la NATO ambako karibu kila muuzaji anauza shaba. Bunduki zilikuwa zimezeeka pia, na vipuri vilikuwa adimu. Mwaka 2016 serikali ya Paris ilitia saini mkataba wa kununua HK416 kutoka Ujerumani, na mwaka uliofuata askari wa Kifaransa wakaanza kukabidhiwa bunduki inayotumia maganda ya shaba kama za washirika wao.